Dar hadi Kigoma kwa ndege: umbali, muda na kituo cha Tabora

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam (DAR) hadi Kigoma (TKQ) ni kama kilomita 1,080 kwa mstari ulionyooka. Tabora (TBO) iko kilomita 730 kutoka Dar na 350 kutoka Kigoma. Ukijumlisha unarudi palepale, 1,080. Tabora iko njiani kabisa. Ndege ikitua hapo haijazunguka popote. Kinachoongezeka ni muda.

Muda wa ndege ya pangaboi kama Bombardier Q400 ya Air Tanzania unaweza kuukadiria mwenyewe. Gawanya kilomita kwa 600, kisha ongeza nusu saa ya kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Moja kwa moja unapata saa mbili na dakika 18. Ikipitia Tabora, nusu saa hiyo inahesabiwa mara mbili, na nusu saa nyingine inakwenda kwa abiria wanaoshuka na kupanda: saa tatu na dakika 18. Basi kabla ya kulipa, fungua maelezo ya safari uone vituo. Safari kuwa na namba moja tu ya ndege haimaanishi kwamba haitui njiani.

Saa za kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo, na huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Waambie wanaokuja kukupokea kwamba 13:00 ni saa saba mchana. Kigoma na Dar saa ni moja, ila jua la Kigoma huzama kama dakika 38 baadaye, jambo zuri kwa anayetua jioni na bado ana barabara ya kwenda Kasulu.

Safari nyingi huharibikia Dar. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, ya kutoka nje na ya ndani, mabegi hayakufuati: unapita uhamiaji, unayachukua kwenye mkanda, unapita forodha, unahamia jengo la ndege za ndani kama tiketi inasema hivyo, unapima mzigo upya. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halidaiwi kitu. Weka angalau saa nne katikati. Ukitua usiku, lala Dar. Kwenda Kigoma hakuna ndege kila baada ya saa chache, hivyo kuachwa kunaweza kukugharimu siku nzima au zaidi.

Soma pia kilo. Mabegi mawili yaliyokubaliwa kutoka Ulaya yanaweza kuzidi kiwango cha tiketi ya ndani, na ziada hulipiwa kwa kilo. Nunua kilo hizo mapema pale shirika linaporuhusu.

Wakati wa kurudi hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu ndege inayokusubiri Dar ndiyo ya bei kubwa. Ondoka Kigoma siku moja kabla. Mawese yaende kwenye begi la chini: dumu lisijae hadi mdomoni, kifuniko kizungushiwe utepe wa gundi, kisha dumu lifungwe ndani ya kanga, mbali na nguo za kuvaa.