Kucontrol chaneli zilizounganishwa kwa kibodi bila kupigana na maus

Wiki jana nilikuwa narekodi nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, huku Kondele, Kisumu. Maiki tatu: mbili kwa nyuzi, kushoto na kulia, halafu moja chini kabisa karibu na mguu pale oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole cha mguu, inagonga mbao. Sasa hizo tatu ni chombo kimoja, ukipandisha moja ukaacha zingine unaskia nyuzi zimeenda mbali na mguu umekuja mbele kama ngoma, na mzee aliyepiga akiskia hivyo atakuuliza nani alikuwa anapiga na yeye. Ndio maana chaneli kama hizo, yaani njia ya sauti ya kila maiki, lazima ziunganishwe, na zikishaunganishwa kuna kitufe kimoja lazima ukijue, kile cha kutoa moja nje ya kundi kwa muda. Wengi wanajua kuunganisha tu.

Mimi natumia Reaper, programu ya kurekodi kwa kompyuta, unaweza kuijaribu siku 60 kabla ya kulipa. Bonyeza traki ya kwanza (traki ndiyo chaneli kwa Reaper), shika Shift, bonyeza ya mwisho, zote tatu zinachaguliwa. Kama hazijapangana pamoja shika Ctrl na uchague moja moja. Halafu Shift+G. Dirisha litafunguka, upande wa volume weka tiki kwa lead na pia kwa follow, yaani yoyote utakayoshika inaongoza na zingine zinafuata. Fanya hivyo kwa mute (kunyamazisha) na solo (kuskia hiyo peke yake) pia. Pan, ile ya kupeleka sauti kushoto au kulia, achana nayo, maana maiki moja iko kushoto na ingine kulia, hutaki zihame pamoja.

Sasa sukuma fada moja, kile kitelezi cha volume, uone. Kama nyuzi zilikuwa -6 na mguu -14, ukipandisha desibeli 2 nyuzi zinakuwa -4 na mguu -12, tofauti inabaki ile ile, na hiyo tofauti ndiyo ulikaa dakika ishirini ukiitafuta na hedfoni.

Halafu inafika ubeti wa pili, mzee amepata moto, mguu unagonga zaidi. Hapa ndipo watu wanavunja kundi lote, wanashusha mguu, wanasahau kuunganisha tena. Ilinitokea na kwaya moja, nikapeleka kazi alto ikiwa chini na soprano juu, ikabidi nirudie mix yote na walikuwa wananingoja, iliniuma sana. Usivunje. Shika Shift kwa kidole cha kushoto, vuta fada ya mguu peke yake, achilia. Nyuzi hazisongi, na kundi bado liko, sasa likifuata ile tofauti mpya. Lakini kabla ya hapo bonyeza traki ingine ya mbali ili zile tatu zisibaki zimechaguliwa, kwa sababu Reaper inasongesha pamoja traki zote zilizochaguliwa hata kama hazina kundi, na hilo linachanganya watu sana. Ukitaka fada isonge polepole kwa vipimo vidogo, shika Ctrl ukivuta.

Kwa wale hawataki maus kabisa (touchpad ya laptopu ya zamani ni mateso, najua) bonyeza alama ya kuuliza, ? yenyewe, orodha ya actions, yaani amri zote za Reaper, inafunguka. Andika "nudge track volume", utaona ya kupandisha na ya kushusha, chagua moja, bonyeza Add, halafu gonga kitufe unachotaka kiwe chake. Kama hicho kitufe kina kazi ingine tayari Reaper itakuuliza kwanza, soma usikubali tu. Kutoka hapo unachagua traki zako na kupandisha kwa vidole huku macho yakiwa kwa mita ya sauti. Humo humo tafuta "track grouping enabled" uipe kitufe pia, inazima makundi yote kwa mpigo na kuyarudisha bila kuyafuta.

Cubase, programu ingine ya kurekodi, ni ile ile ila kitufe cha kutoa moja nje ni Alt. Unashika Alt, unasongesha chaneli moja, zingine zinatulia. Alt+Shift inafanya kinyume, inaunganisha zile ulizochagua kwa muda tu wakati umeshika. Na jueni hii, kwa Cubase otomesheni (mabadiliko ya volume unayochora ili fada isonge yenyewe) haifuati link, yaani huo muungano, kila chaneli ina yake, kwa hivyo ukichora otomesheni kwa soprano usingoje alto ifuate.

Kwa Pro Tools, nayo programu ya kurekodi, unachagua traki unabonyeza Ctrl+G kuziunganisha, kwa Mac ni Command+G, na ya kutoa moja nje ni kitufe cha Windows, kwa Mac ni Control.

Ukimaliza kuweka kundi, cheza wimbo kidogo na upige mute kwa traki moja tu. Nyatiti yote ikinyamaza, umeweka sawa. Ukiskia mguu bado unagonga peke yake, rudi Shift+G uangalie tiki ya follow.