Anwani ya IP: piga hodi kwako mwenyewe kabla mwingine hajapiga

Wengi wanaoniuliza kuhusu anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) wanataka kujua jambo moja tu: nitaifichaje? Mimi huanzia kwingine. Kila tovuti unayoifungua lazima iione anwani fulani, la sivyo haina pa kurudishia majibu, kwa hiyo kuifanya siri ni kazi isiyoisha. Swali lenye maana ni hili: mtu akipiga hodi kwenye anwani yako, ni kifaa gani kitakachomwitikia "karibu"? Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jamaa mmoja aliyefunga kamera ya ulinzi na kutaka kuitazama akiwa mbali. Aliiona vizuri sana. Shida ni kwamba hata asiyemjua angeweza kuiona.

Hatua ya 1: Pata anwani zako mbili

Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `ipconfig`; kwenye Linux andika `ip addr`. Kwenye simu, gusa jina la Wi-Fi uliyounganishwa nayo usome maelezo yake. Utakuta namba inayoanza na 192.168, au 10, au kati ya 172.16 na 172.31. Hiyo ni anwani ya ndani. Ukikuta 169.254, ruta haikukupa anwani. Shughulikia hilo kwanza.

Sasa zima VPN (huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine) kama unayo, kisha tafuta "what is my IP" kwenye Google. Namba utakayoiona ni anwani ya nje. Mtu akikutisha mtandaoni kwamba ana IP yako halafu akataja 192.168.1.5, mcheke tu. Namba hiyo iko kwenye mitandao isiyohesabika.

Hatua ya 2: Linganisha na namba iliyo kwenye ruta

Ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute palipoandikwa WAN (upande wa ruta unaotazama intaneti). Usiruke hatua hii, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama hatua inayofuata ina maana kwako.

Namba ya WAN ikifanana na ile ya Google, ruta yako iko uso kwa uso na intaneti. Zikitofautiana, kuna kifaa kingine katikati. WAN ikianza na 192.168, mara nyingi ni modemu ya mtoa huduma ambayo nayo inafanya kazi ya ruta, na itabidi uikague hiyo pia. WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja. Safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, maana anwani za IPv4 (toleo la zamani la anwani za IP) ni takriban bilioni 4.3 tu na akiba kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011. Baadhi ya watoa huduma hutumia namba za 10 badala yake.

Hatua ya 3: Piga hodi ukiwa nje

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima, kwa hiyo twende polepole.

Kosa la kwanza ni kujipima ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi yako mwenyewe. Ruta nyingine hukurudisha ndani kimyakimya, nyingine zinakataa, na matokeo yote mawili hayakuambii anachokiona mtu wa nje. Zima Wi-Fi kwenye simu, washa data, kisha unganisha kompyuta ndogo kwa hotspot ya simu hiyo. Angalia tena anwani ya nje: ikiwa bado ni ileile ya Hatua ya 1, simu imerudi kwenye Wi-Fi bila kukuaga.

Halafu tumia nmap, programu ya kupima poti, yaani milango yenye namba ambayo vifaa hupokelea mawasiliano. Zipo tovuti za kupima poti, lakini sizipendi: ukiwa nyuma ya anwani ya pamoja, tovuti hizo zinapima mtambo wa mtoa huduma, si ruta yako. Utaambiwa poti imefungwa, uhangaike na mipangilio hadi usiku, na ruta haina kosa lolote. Kwa aliye na anwani ya pamoja, majibu ya IPv4 hayamhusu; aende moja kwa moja kwenye IPv6 (toleo jipya la anwani) hapo chini.

Amri ni hii, ukiweka anwani yako mahali pa niliyoiweka kama mfano:

`nmap -Pn -p 22,23,80,443,554,3389,8080 203.0.113.25`

Poti 23 ni Telnet (njia ya zamani ya kuendesha kifaa kwa mbali), 554 hutumiwa na kamera, 3389 ni ya kuendesha Windows kwa mbali. Jibu la `open` maana yake kuna kifaa kilichosema karibu. `closed` ni kifaa kilichojibu "hapana". `filtered` ni kimya kitupu, na ndicho tunachokitaka. Hizo ni poti saba tu. Ukiwa na muda, weka `-p-` ili zipimwe zote 65,535, kwa sababu kamera na visanduku vya TV hupenda kujifungulia poti za ajabuajabu.

Tahadhari: anwani nyingi za nje hubadilika ruta inapozimwa na kuwashwa. Ukipima namba ya jana, huenda unapiga hodi kwa mtu mwingine, na nchi nyingi zina sheria kuhusu hilo. Soma WAN upya dakika ileile unayopima.

Sasa IPv6, ambayo karibu kila mwongozo unaipita. Kwa IPv4, ruta huficha vifaa vyote nyuma ya anwani moja, na watu wamezoea kuudhani mficho huo kuwa ulinzi. Kwa IPv6, kila kifaa huwa na anwani yake ya nje, inayoanza na 2 au 3, na kinachomzuia mgeni ni hasa ukuta wa moto wa ruta (programu inayozuia mawasiliano yasiyoalikwa kutoka nje). Nimeona ruta ambayo ukuta huo ulikuwa umezimwa tangu kiwandani: upande wa IPv4 kimya, upande wa IPv6 printa inaitika kwa furaha. Chukua anwani ya IPv6 ya kila kifaa unachokijali upime kwa `nmap -6`. Kompyuta moja huwa na anwani kadhaa, nyingine za muda. Ile ya kudumu ndiyo ya kuanza nayo. Anwani zinazoanza na fe80 ziache, hazitoki nje ya mtandao wako. Kama data ya simu yako haina IPv6, huwezi kupima kwa njia hii. Omba mtu aliye nayo akupimie.

Hatua ya 4: Funga

Kwenye ruta zima UPnP (hii ndiyo inayoruhusu vifaa vijifungulie poti bila kukuuliza), zima "Remote Management" (kuendesha ruta ukiwa nje), zima WPS (kujiunga na Wi-Fi kwa kitufe au PIN), futa kila mstari usioujua chini ya "Port Forwarding" na "DMZ" (sehemu zinazoelekeza wageni wa nje kwenye kifaa cha ndani). Washa ukuta wa moto wa IPv6. Badilisha nenosiri la ruta na la kamera. Kirusi cha Mirai mwaka 2016 kiliteka kamera na ruta kwa wingi kwa kujaribu orodha fupi tu ya nywila za kiwandani.

Rudia Hatua ya 3.

Hatua ya 5: Na kamera nitaionaje?

Kwa WireGuard, VPN unayojiwekea mwenyewe ili uingie kwenye mtandao wako ukiwa mbali, na sina mbadala ninaoupenda zaidi. Unafungua poti moja tu ya UDP (aina mojawapo ya mawasiliano), kwa kawaida 51820, na asiye na ufunguo sahihi hajibiwi chochote. Kwa nmap, poti hiyo haionekani kama ipo wazi. Ukiwa nyuma ya anwani ya pamoja, kodi seva ndogo yenye anwani ya nje, na kifaa cha nyumbani ndicho kianzishe mawasiliano kuelekea huko. Usisahau kuweka `PersistentKeepalive = 25` kwenye mipangilio ya WireGuard upande wa nyumbani, la sivyo njia itajifunga baada ya muda wa ukimya nawe utadhani seva imekufa.

Hatua ya 6: Kuficha, kama bado unataka

VPN ya kulipia huzuia tovuti zisione anwani yako halisi, lakini kampuni ya VPN ndiyo inayoiona sasa, na poti zilizo wazi kwenye ruta zinabaki wazi vilevile. VPN za bure siziwekei mtu.

Simu za WhatsApp na Telegram zinaweza kumpa unayeongea naye anwani yako. Kwenye WhatsApp nenda sehemu ya faragha, kisha "Advanced", uwashe "Protect IP address in calls". Kwenye Telegram, chini ya mipangilio ya faragha ya simu, zima "Peer-to-Peer". Sauti inaweza kushuka ubora kidogo.

Na ukisasisha programu ya ruta au kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, angalia UPnP kabla ya kitu kingine chochote. Hupenda kurudi yenyewe.