Harusi ughaibuni: shampeni ya meza kuu na chupa za wageni

Kamati ya harusi ikikaa kupanga bajeti, iwe Leicester, Hamburg au Minneapolis, fungu la vinywaji ndilo huvimba haraka, na shampeni ndiyo huongoza. Katika maduka makubwa ya Uingereza, chupa ya nembo inayojulikana sasa ni kama paundi 40 au zaidi. Ushauri wetu ni huu: nunueni shampeni yenyewe chupa mbili tu, zile za meza kuu zitakazofunguliwa mbele ya kamera. Kwa meza nyingine zote, tafuteni mvinyo wa mapovu uliotengenezwa kwa njia ile ile mahali pengine.

Msisubiri bei ishuke. Jina la shampeni ni mali ya eneo la Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kuzunguka Reims na Épernay. Zabibu zake lazima zichumwe kwa mkono. Kilo 4,000 zinaruhusiwa kutoa lita 2,550 tu za maji ya zabibu, na hata chupa ya kawaida hukaa ghalani miezi 15 kabla ya kuuzwa. Mwaka 2021 baridi kali ya masika na ugonjwa wa ukungu wa mizabibu viliangusha mavuno, kisha gharama za nishati na chupa zikapanda. Ni kweli kwamba mauzo yamepungua: mwaka 2022 zilitoka chupa zaidi ya milioni 325, mwaka 2024 kama milioni 271. Lakini wakulima na makampuni hupanga pamoja kila mwaka kiwango cha juu cha kuvuna. Mwaka 2023 kilikuwa kilo 11,400 kwa hekta, mwaka 2024 wakakishusha hadi 10,000, na mwaka 2025 hadi 9,000. Wanunuzi wakipungua, mavuno nayo hupunguzwa, na bei haina sababu ya kuanguka.

Kinachotofautisha mvinyo wa mapovu mzuri na wa hovyo ni mahali mapovu yalipozaliwa. Kwa njia ya Champagne, mvinyo hutiwa sukari kidogo na hamira, ukafungwa chupani, ukachachuka mara ya pili humo humo. Gesi haina pa kutokea, inayeyuka ndani ya mvinyo. Hamira ikifa hubaki mashapo, na kadiri mvinyo unavyolala juu ya mashapo hayo ndivyo unavyopata harufu ya mkate na viputo vidogo vinavyodumu. Kwa hiyo dukani linganisheni miezi. Shampeni isiyo na mwaka wa mavuno kwenye lebo hulala angalau miezi 12 juu ya mashapo. Kati ya mivinyo mingine ya njia hiyo hiyo, crémant ya Ufaransa na cava ya Uhispania hulala angalau 9, Cap Classique ya Afrika Kusini 12, Franciacorta ya Italia 18. Cava iliyoandikwa Reserva hukaa 18 na Gran Reserva 30, yaani zaidi ya ile miezi 12 ambayo shampeni hulazimika kulala, kwa sehemu ndogo ya bei yake. Anayetaka ladha iliyo karibu zaidi na shampeni achukue Crémant de Bourgogne, kwa kuwa Chardonnay na Pinot Noir ndizo zabibu zake kuu, kama kule Champagne. Crémant Uingereza hupatikana kwa paundi 10 hadi 15.

Kwenye lebo tafuteni maneno haya: méthode traditionnelle, método tradicional au metodo classico. Pasipo hayo wala jina kama crémant au cava, huenda mapovu yalitengenezwa kwenye tangi kubwa, kama ilivyo kwa prosecco nyingi, mvinyo wa mapovu wa Italia. Prosecco si mbaya, ina ladha tamu ya matunda, ila mapovu yake hukata mapema. Mkiimimina kabla ya hotuba za wazee, MC akifika kwenye kugonganisha glasi itakuwa imelala.

Kosa tunaloliona sana liko kwenye sukari. Neno la kwenye lebo ndilo huonyesha kiasi chake: Brut ina chini ya gramu 12 kwa lita. Extra Dry, ambayo jina lake hupotosha kwa kuwa “dry” ni “isiyo tamu”, ina 12 hadi 17, kwa hiyo ni tamu kuliko Brut. Demi-Sec ina 32 hadi 50. Brut ikinywewa na keki ya harusi huonekana chachu kama ndimu, ndiyo maana mashangazi hukunja uso na glasi hurudi zimejaa. Kwa keki nunueni Demi-Sec. Brut iende na sambusa, samaki wa kukaanga na nyama choma, maana uchachu wake hukata mafuta. Chakula kikiwa na pilipili nyingi, Extra Dry ni salama zaidi.

Hesabu ya glasi: chupa ya sentilita 75 hutoa glasi 7 za mililita 100, zinazotosha kutakiana heri. Kati ya wageni 120, tuseme 40 hawanywi. Waliobaki 80 wanahitaji chupa 12, yaani katoni mbili za sita sita. Wale 40 wanahitaji chupa 6 za juisi ya zabibu yenye gesi. Hapa someni lebo kwa makini: mvinyo ulioondolewa kilevi waweza kubaki nacho hadi asilimia 0.5, na kwa Mwislamu au mlokole hilo si jambo dogo. Juisi halisi haijawahi kuchachushwa. Kabla ya kulipa chochote, ulizeni ukumbi unatoza kiasi gani kwa kila chupa mnayoleta wenyewe. Tozo hiyo yaweza kupita bei ya cava.

Mkazi wa Uingereza anayevuka kwenda Calais, Ufaransa, anaruhusiwa kurudi na lita 9 za mvinyo wa mapovu bila ushuru, sawa na chupa 12 kwa kila mtu mzima. Akizidisha, hulipia ushuru vinywaji vyote vya aina hiyo, si ile ziada tu. Sweden na Norway mvinyo huuzwa na maduka ya serikali, kwa hiyo agizeni mapema mkihitaji katoni nyingi.

Siku yenyewe, zitieni chupa kwenye ndoo yenye nusu barafu nusu maji kwa dakika 30. Barafu tupu hupoza polepole. Shampeni ina mgandamizo wa kama atmosfia 6, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo, na chupa yenye joto au iliyotikiswa hurusha kizibo machoni mwa watu. Legezeni waya huku kidole gumba kikibana kizibo, inamisheni chupa, kisha zungusheni chupa, si kizibo. Glasi zisuuzwe vizuri, kwani mabaki ya sabuni huua mapovu.

Mkipeleka chupa nyumbani, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima lita 2 za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili. Ziende kwenye begi la kupakiwa, zikiwa zimeviringishwa katikati ya nguo, na zikifika zilale kwenye friji siku nzima kabla ya kufunguliwa.