SOMO: Kurekodi nyatiti kwenye wimbo wa metali (roki nzito) bila kumezwa na gitaa

Kila wiki naulizwa lilelile kuhusu nyatiti, ala ya Waluo ya nyuzi nane: "mbona nyatiti yangu haisikiki?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena atapewa kiungo.

1. Tafuta mpigaji mwenyewe, si ala tu.

2. Maiki moja shubiri moja kutoka kwenye ngozi. Ya pili ielekee mguuni mwa mpigaji, inakogonga pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu.

3. Hapa ndipo nyimbo nyingi hufia. Zile nyuzi nane hukazwa kwa sikio la mpigaji, zifuate koo lake, si piano. Usimlazimishe kufuata programu ya simu. Rekodi nyatiti KWANZA, kisha kaza gitaa na besi kumfuata yeye. Nailoni hulegea kwenye joto, hivyo sikiliza upya kabla ya kila kipande. ONYO: kwenye distoshoni (sauti ya gitaa iliyokwaruzwa) usipige kodi kamili, yaani noti tatu au zaidi kwa pamoja. Piga mzizi (noti ya msingi) na noti ya tano kutoka hapo, basi. Noti ya tatu ya gitaa haikai pamoja na ya nyatiti, na distoshoni huikuza tofauti hiyo mpaka utadhani spika imepasuka.

4. Kwenye miksi, punguza gitaa kidogo kati ya hertz 1,000 na 2,000 nyatiti inapoingia. Kuongeza sauti ya nyatiti peke yake hakusaidii.

MASWALI

Chuma_Kutu: Mkuu, naweza kuanza na gitaa halafu nyatiti juu yake?
— Hatua ya 3.

Chuma_Kutu: Nimeona, ila gitaa nimesharekodi.
— Rekodi upya.

BintiSiaya: Asante kwa somo. Mzee wetu akinogewa anaongeza kasi. Nimpe metronomu (kifaa cha kugonga mapigo sawasawa)?
— Swali zuri. Usimpe. Tumia ile maiki ya mguuni: weka alama kwenye kila pigo la pete, kompyuta ijenge ramani ya kasi kutoka hapo, mpiga dramu aifuate. Wimbo utapanda naye, na ndiyo raha yake. Na kama mzee hapendi studio, mfuate nyumbani. Sepultura, bendi ya metali ya Brazili, walipotaka sauti za Waxavante, wenyeji wa asili wa huko, kwa albamu yao ya 1996, walikwenda kijijini kwao, Mato Grosso.

Mpwani: Na zumari?
— Hiyo haimezwi, inameza. Bendi ya AC/DC iliweka bagpaipu (ala ya kupuliza yenye mfuko) kwenye roki 1975, na zumari ni kali vilevile. Maiki iwe kando, isitazame mdomo wa ala.

Fundi_Nyuzi: Nyongeza: uzi ukikatika usiku, mshipi wa kuvulia samaki unafaa. Uvute vizuri kabla ya kurekodi.
— Kweli. Chukua unene uleule wa uliokatika.