Kuagiza Gari kutoka Japani hadi Malindi, na Kwa Nini Naanza na Kitambulisho

Shemeji yangu, ambaye ana duka la samaki hapa Malindi, alinijia na simu iliyojaa picha za Probox nyeupe za Toyota, akitaka nimwambie aichukue ipi. Nilimjibu kwamba picha zisubiri, kwanza anionyeshe kitambulisho chake. Alidhani namfanyia mzaha. Atakayefika hatua ya nne ataelewa kwamba sikuwa na mzaha wowote, kwa kuwa herufi mbili katika jina langu mwenyewe ziliwahi kulilaza gari langu bandarini Mombasa siku tisa.

Nayaandika haya baada ya kuagiza magari mawili yangu na kuwasaidia jamaa na majirani kadhaa kuagiza yao. Wako Wamarekani waliowahi kusafiri hadi Göteborg, nchini Uswidi, kuipokea Volvo mpya, wakaiendesha Ulaya kabla ya kusafirishiwa kwao. Sisi wa pwani hii, tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara na tunaohitaji usukani wa kulia, njia yetu ya kawaida ni gari lililotumika kutoka Japani, na ndilo ninaloliongelea hapa.

Hatua ya kwanza: Umri wa gari

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025, hii ilikuwa na maana kwamba gari liwe limesajiliwa kuanzia Januari 2018, na kila mwaka mpya mpaka huo husogea mbele kwa mwaka mmoja. Kinachohesabiwa ni gari kufika, wala si siku uliyolipa. Anayenunua mwezi wa Novemba gari lililo ukingoni mwa umri anacheza kamari na ratiba ya meli, kwa kuwa safari ya kutoka Japani hadi Mombasa huweza kuchukua mwezi mzima na zaidi.

Hati ya Japani ya kufuta usajili huandika mwaka kwa kalenda ya wafalme wao. Ukiona Heisei, ongeza 1988: Heisei 30 ni 2018. Ukiona Reiwa, ongeza 2018: Reiwa 2 ni 2020. Mwaka 2019 una majina yote mawili, kwa sababu Heisei 31 ilikwisha tarehe 30 Aprili na Reiwa 1 ikaanza kesho yake. Fanya hesabu hii mwenyewe, usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye tangazo, kwani huenda huo ukawa mwaka wa kutengenezwa.

Hatua ya pili: Kodi kabla ya bei

Wengi huanza na bei ya gari, kisha wakashtuka walipofika kwenye kodi. Mimi huanza na kodi. Mamlaka ya Mapato, KRA, haitozi kodi kwa bei uliyolipa mnadani. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, ijulikanayo kwa herufi CRSP, na kutoka bei hiyo hupunguza uchakavu kulingana na umri wa gari, na kodi zilizomo ndani ya bei hiyo, hadi kuipata thamani ya forodha. Kwa hiyo aliyebahatika kupata gari kwa bei ya kutupa hulipa kodi ileile ya aliyelinunua ghali, na ndiyo maana siwaelewi watu wanaofurahia kupunguziwa dola mia mbili na huku hawajaifungua orodha ya KRA.

Chukua mfano wa gari ambalo thamani yake ya forodha imefika shilingi 1,000,000 na injini yake haizidi sisi 1500. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 ya jumla ya thamani na ushuru huo wa kwanza, yaani 270,000. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 ya jumla ya hayo yote, yaani 259,200. Ongeza ada ya tamko la uingizaji, asilimia 2.5, na tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2, ambazo kwa pamoja ni 45,000. Jumla ni 924,200. Kwa nyingi za injini zinazozidi sisi 1500, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 25 na jumla ikafika 1,002,500. Kodi imelipita gari lenyewe. Viwango hivi hubadilishwa na sheria za fedha, kwa hivyo thibitisha vya mwaka wako kabla ya kupiga hesabu.

Hatua ya tatu: Karatasi ya mnada na uvungu wa gari

Usinunue gari lisilo na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya wakaguzi wa mnada wa Japani kuhusu hali ya gari. Alama ya 4 au 4.5 ni gari zuri; 3.5 linavumilika ikiwa bei yake inasema hivyo. R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa, nami silishiki hata kwa zawadi. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi upya, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Herufi za kututia hofu sisi tunaoishi na upepo wa bahari ni S na C, ambazo ni kutu na ulikaji. Japani ya kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari lililotoka huko huja na kutu uvunguni hata kama bodi inang'aa kama kioo. Gari la namna hiyo likiletwa Malindi au Mokowe, bara karibu na Lamu, chumvi ya bahari humalizia kazi iliyoanzwa na theluji. Omba picha za uvunguni zilizopigwa mchana. Muuzaji asiyetaka kuzituma amekwisha kukujibu.

Hatua ya nne: Jina lako

Hapa ndipo nilipoteza siku tisa na fedha ambazo zingetosha kununua matairi manne mapya.

Majina yetu watu wa pwani yanaandikwa kwa namna nyingi. Mtu mmoja ni Athman msikitini, Athumani kwenye kitambulisho, Othman kwenye cheti cha shule na Uthman kwenye barua pepe. Kuna Mohamed, Mohammed na Muhammad. Kuna Aisha na Asha. Kuna anayeandika bin na asiyeandika. Kuna mama aliyechukua jina la mumewe benki lakini si kwenye kitambulisho. Nyumbani hakuna anayejali. Forodhani, kila herufi ni mtu mwingine.

Mimi nilimwandikia muuzaji kwa barua pepe, naye akalichukua jina kutoka hapo. Ankara ikatoka kwa jina hilo, na hati ya shehena, ambayo watu wa bandarini huiita BL, ikafuata ankara. Cheti changu cha PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi, ambacho hufuata kitambulisho, kilikuwa na jina lenye herufi mbili zaidi. Sikuona tofauti yoyote, maana nilikuwa nikisoma kwa jicho la mwenye jina. Meli ikatia nanga, wakala wangu wa forodha akaingiza maombi kwenye mfumo, na majibu yakarudi kwamba mpokeaji wa shehena na mwenye PIN si mtu mmoja. Siku hiyo nilikuwa nimekwisha kumwita dereva wa kunisaidia kulirudisha gari nyumbani. Tulirudi Malindi kwa matatu.

Kosa kama hili lina nyakati tatu, na gharama yake hupanda kwa kila wakati. Kabla meli haijaondoka Japani, muuzaji hutuma rasimu ya hati ya shehena. Kurekebisha hapo ni suala la barua pepe moja. Meli ikiwa baharini, marekebisho hupitia kampuni ya meli na hulipiwa, ila gari halijaanza kudaiwa hifadhi. Meli ikishafika Mombasa, orodha ya shehena ya meli imekwisha kuwasilishwa forodhani, na kuibadilisha kunahitaji wakala wa meli aombe, forodha ikubali, na wewe uthibitishe kwa hati kwamba majina yote mawili ni yako. Wakati huo wote siku za bure zinakwisha na ada ya hifadhi inahesabika, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Mimi niliapa kwa wakili, nikapeleka nakala za kitambulisho, PIN na cheti cha kuzaliwa, na bado nikaambiwa nisubiri.

Kwa hivyo fanya hivi, tena kabla ya kuomba bei kwa muuzaji yeyote. Fungua cheti chako cha PIN. Nakili jina lilivyo, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule na majina yote matatu ikiwa yapo matatu, kwa herufi kubwa, kwenye kikaratasi. Nakili na sanduku la posta na nambari ya simu. Piga picha kikaratasi hicho, na kwa kila muuzaji tuma picha hiyo pamoja na jina lililochapwa. Usiandike jina upya kutoka kichwani hata mara moja. Kama jina la PIN halifanani na la kitambulisho, rekebisha hilo kwanza, maana hakuna rasimu itakayokuokoa.

Rasimu ikija, usiisome peke yako. Mpe mtu mwingine aisome kwa sauti, herufi moja moja, nawe ufuate kwenye kikaratasi. Mimi humtumia binti yangu wa darasa la sita, ambaye hana huruma. Mkimaliza jina, fanyeni vivyo hivyo kwa nambari ya chesi. Magari ya soko la Japani hayatumii nambari ndefu ya herufi na tarakimu kumi na saba. Yana herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu nyingine. Angalia sifuri isiwe herufi O. Nambari hiyo ifanane kwenye ankara, hati ya shehena, cheti cha Japani cha kufuta usajili, cheti cha ukaguzi na picha ya bamba la chesi lenyewe. Ikiwa mnaagiza wawili, mtu na nduguye, chagueni jina moja. Ikiwa ni la kampuni, tumia PIN ya kampuni tangu mwanzo. Usilipe kwa jina lako ukitumaini kubadilisha baadaye. Na ikiwa unamsaidia mtu aliye mbali, kama binamu yangu wa Lamu ambaye gari lake hulala Mokowe kwa kuwa mjini kwao hutembea miguu na punda, mwambie akutumie cheti cha PIN chenyewe, wala usiridhike na jina alilokutajia kwenye simu.

Hatua ya tano: Malipo, bima na ukaguzi

Lipa kwa benki, kwenda akaunti ya kampuni iliyo Japani yenye jina lilelile lililo kwenye ankara ya awali. Anayekuambia utume kwa akaunti ya mtu binafsi au kwa simu ya wakala aliye Nairobi, mwage. Mwambie karani wa benki kwamba ada zote zibebwe na mtumaji, la sivyo benki za katikati hukata dola chache njiani, fedha hufika pungufu, na muuzaji hukataa kupakia gari mpaka zitimie.

Omba bei ya gari na usafiri hadi Mombasa bila bima. Bima ya shehena ya baharini hununuliwa kwa kampuni ya bima iliyo Kenya, na huu ndio utaratibu unaotekelezwa tangu 2017. Bima uliyouziwa Japani ni fedha ya bure kwa muuzaji. Jina kwenye bima ni lilelile la kikaratasi.

Kabla ya kupakiwa, gari lazima likaguliwe hukohuko Japani na shirika lililopewa kazi hiyo na KEBS, shirika la viwango la Kenya, nalo hutoa cheti. Muuzaji mzoefu hupanga hilo mwenyewe.

Hatua ya sita: Bandarini

Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni ya KRA meli ikiwa bado wiki mbili baharini, wala usingoje itie nanga. Mpe nakala za hati zote, mkubaliane malipo yake kwa maandishi, na kodi uilipe mwenyewe kwa nambari ya malipo ya KRA badala ya kumpa fedha taslimu. Hati halisi za Japani zifike mikononi mwako, nawe ndiwe umpelekee.

Siku ya kulichukua gari, nenda asubuhi na betri ya akiba, kwani iliyomo mara nyingi imekufa safarini. Linganisha bamba la chesi na hati kabla ya kutia saini, na piga picha za pande zote ukiwa bado ndani ya yadi.

Hatua ya saba: Nambari na nyumbani

Usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na wakala huufahamu. Kata bima kabla ya kuingia barabarani, maana kuna vizuizi vya polisi kati ya Mombasa na Malindi.

Redio ya gari hilo haitashika stesheni zetu nyingi, kwa sababu masafa ya Japani huanzia 76 na kukoma karibu 95, nasi twafika 108. Fundi wa umeme huweka kifaa kidogo cha kugeuza masafa. Kabla ya hapo, lipeleke kwa fundi wa uvungu apulize dawa ya kutu, gari likiwa limeoshwa na kukauka jua zima. Shemeji yangu alilipuliza la kwake siku ya pili baada ya kulifikisha, na kikaratasi chenye jina lake bado amekibandika ndani ya kisanduku cha dashibodi.