Kutengeneza modeli ya utando wa bakteria (biofilm) kwenye maji taka, hatua kwa hatua

Nimeandika hii baada ya kumsaidia mwanafunzi mmoja ambaye modeli yake ilikuwa inakula oksijeni kuliko tanki lenyewe. Nachukulia Monod (ekwesheni ya kasi ya ukuaji wa bakteria kulingana na chakula au oksijeni iliyopo) unaijua na Python unaandika hata ya kubabaisha. Excel mimi natumia kukagulia tu, ukishaanza kuingiza aina tatu za bakteria humo utalia.

Hatua ya 1: Umbo. Dimensheni moja, x = 0 ni kwenye plastiki ambayo utando umeota juu yake, x = L ni pale utando unapokutana na maji. Za 3D zina picha nzuri, ila kwa kupanga ukubwa wa tanki 1D inatosha.

Hatua ya 2: Ekwesheni. Difyusheni inaleta, bakteria wanakula: D·S″ = r. D ni kipimo cha difyusheni, S ni kiasi cha oksijeni au chakula kwenye maji, S′ ni mteremko wake, S″ ni jinsi mteremko huo unavyobadilika, r ni kasi ya ulaji. Namba za kuanzia chukua za ASM1 (modeli maarufu ya kusafisha maji taka, 1987): µ (kasi ya juu ya ukuaji) 6 kwa siku, Y (sehemu ya chakula inayogeuka bakteria) 0.67, K ya oksijeni (kiasi ambacho ukuaji unakuwa nusu ya kasi ya juu) 0.2 g/m³. Kila kitu gramu, mita, siku.

Hatua ya 3: Mipaka. Hapa tulia. Chini ni rahisi, plastiki haipitishi kitu, mteremko ni sifuri. Kasheshe iko juu. Wengi wanachukua oksijeni waliyopima kwenye tanki wanaibandika moja kwa moja juu ya utando, maana ndiyo namba waliyo nayo, kumbe kati ya maji yanayochanganyika na utando kuna tabaka jembamba la maji yaliyotulia na oksijeni lazima ilivuke kwa difyusheni. Kwa hiyo andika:

D maji × (S tanki − S juu) / L tabaka = D utando × S′ juu

Tuone kwa namba. Oksijeni ya tanki 4 g/m³, D maji 0.0002 m² kwa siku, ndani ya utando asilimia 80 ya hiyo, bakteria (X) 10,000 g COD/m³ (COD ni kupima kitu kwa oksijeni inayohitajika kukiunguza chote), chakula tele. Ulaji wa oksijeni ni (1−Y)/Y × µ × X, kama 29,600 g/m³ kwa siku. Bila tabaka, oksijeni inazama kama maikromita 208 na utando unavuta 6.2 g/m² kwa siku. Weka tabaka la maikromita 100 tu: juu ya utando inabaki 1.9 badala ya 4, inazama 143, na mvuto unashuka hadi 4.2. Theluthi nzima imepotea! (Hizi ni hesabu za mkono zinazopuuza K, solva, yaani programu inayotatua ekwesheni, yenye Monod itakupa pungufu kidogo, ikikupa zaidi ujue kuna uniti imekosewa.)

Sasa tahadhari. Unene wa tabaka haupimiki kirahisi na unabadilika na mwendo wa maji, ukiongeza hewa linakonda. Ndiyo maana nasema kalibreti hilo, achana na µ. Watu wanaichezea µ hadi grafu ifanane na data, siku bloa (mashine ya kupuliza hewa) ikiongezwa modeli inaanguka. Halafu usidhani kila mara oksijeni ndiyo inayobana, chakula kikiwa kidogo chenyewe ndicho kinaisha kwanza, kagua vyote viwili. Kukiwa na nitrifikesheni (bakteria kugeuza amonia kuwa nitrati) kumbuka gramu 1 ya nitrojeni ya amonia inadai karibu gramu 4.57 za oksijeni.

Hatua ya 4: Gridi. Gawa unene wa utando kwa pointi 50. Ziongeze mara mbili, jibu lisipobadilika songa mbele.

Hatua ya 5: Muda. Oksijeni inavuka maikromita 200 kwa sekunde kama 20 hivi, bakteria wanakua kwa siku. Tafuta kwanza wasifu wa oksijeni uliotulia, ndipo usogeze bakteria mbele, rudia. Ukitaka yote kwa pamoja basi solve_ivp ya SciPy iambie BDF (njia inayofaa mambo ya kasi tofauti sana), usipoiambia inachukua RK45 (njia yake ya kawaida) na itajikokota hadi ukate tamaa.

Hatua ya 6: Kumomonyoka. Ondoa utando kwa kasi ya k·L², k ni namba ya kumomonyoka, L ni unene wa utando. Ukisahau hii, utando utakua hadi ujaze tanki.