Somo: Kuunda mtiririko mmoja wa skrini na kuutumia kila mahali kwa mfumo wa ofisi

Wasee habari zenu. Nimeona wengi wakiuliza vile mtu anapanga skrini za mfumo mkubwa wa kazi, ile mifumo iko na mikopo, malipo, ruhusa za meneja, ripoti, na kila kitu kinaingiliana na kingine. Leo ntaeleza polepole. Mfano wangu ni mfumo wa sacco juu huko ndio nimefanya kazi miaka mingi, na hapa Nairobi wengi wamewahi kujaza fomu ya mkopo wa sacco.

Kwanza niwaambie kilichonifanya nishike hii mambo kwa nguvu. Kuna sacco moja tulikuwa tumeijengea mfumo, siku moja nikaenda kukaa kwa kaunta nione vile watu wanautumia. Akaja mama mmoja anataka mkopo wa karo. Dada wa kaunta akamjazia kila kitu, namba ya uanachama, mshahara, wadhamini watatu na namba zao za simu, wakafika skrini ya kulipa ada ya fomu. Ule ujumbe wa kuweka PIN ukakawia kuingia kwa simu ya mama, dada akaona heri arudi nyuma ajaribu tena, akabonyeza mshale wa brauza. Fomu yote ikafutika, na wadhamini wote watatu. Mama akaangalia saa, akasema atarudi kesho, akabeba mfuko wake akaenda. Jioni nilipofungua msimbo (code ya mfumo) nikapata skrini ya kulipa imenakiliwa mara nne: kwa mkopo, kwa hisa, kwa akiba na kwa kurejesha deni, na kila nakala iko na tabia yake. Kwa ile ya hisa mtu alikuwa amesharekebisha hiyo shida ya kurudi nyuma. Kwa hizo zingine tatu hakuna aliyekumbuka.

Hatua ya 1: tenganisha menyu na kazi

Menyu ni ya kutembea. Mtu yuko kwa Wanachama, anaenda Mikopo, anaenda Ripoti, anarudi, hakuna kinachoharibika. Kazi nayo iko na mwanzo na mwisho, skrini zake zikifuatana ndio naita mtiririko, na huwezi kutua katikati yake tu hivi hivi, hata kama umeandika anwani ya skrini ya tatu kwa brauza. Wengi huchanganya hivi viwili, unapata kitufe cha "Endelea" kimeandikiwa anwani ya ukurasa unaofuata moja kwa moja, na hapo ndipo kunakili kunaanzia, juu skrini ikishajua inayofuata haiwezi kutumika mahali pengine. Hii si fikra mpya. Kwa zana za Java za kujengea mifumo ya wavuti, Oracle ADF iko na mitiririko yenye mipaka (kama kazi) na isiyo na mipaka (kama menyu), Spring Web Flow imejengwa juu ya fikra hiyo hiyo, na JSF iliileta kwa toleo la 2.2 mwaka wa 2013.

Hatua ya 2: chukua karatasi, chora hali

Usichore skrini, chora hali. "Tunasubiri mwanachama aweke PIN" ni hali, hata kama kwa skrini ni kile kiduara tu kinazunguka. "Mdhamini mmoja amekataa" ni hali pia. Alafu kwa kila mshale andika ni tukio gani limekutoa hapa likakupeleka pale. David Harel alionyesha njia nzuri ya kuchora hivi mwaka wa 1987, ambapo hali moja kubwa inaweza kubeba hali ndogo ndani yake, na mpaka leo sijapata kitu kinafaa kuliko hiyo. Ukimaliza, mpelekee mtu wa kaunta hiyo karatasi. Yeye ndio atakuuliza, na mtu akikata simu hapa je?

Hatua ya 3: mlango mmoja wa kuingia, milango ya kutoka yenye majina

Hapa ndio kiini cha somo, msome kwa makini. Mtiririko wa kutumika tena unatangaza vitu viwili tu kwa dunia ya nje: unahitaji nini ili uanze, na unaweza kuisha vipi. Wetu wa malipo tuliandika hivi:

mtiririko: lipa
unapokea: kiasi, namba_ya_simu, kumbukumbu
unatoka na: amelipa, ameghairi, imeshindikana, haijajulikana

Hakuna mahali pameandikwa mkopo, hakuna mahali pameandikwa hisa. Aliyeita ndiye anajua afanye nini "amelipa" ikitoka. Mkopo utaenda kwa wadhamini, hisa itatoa risiti, na mtiririko wa kulipa hauna habari na hayo yote.

Angalieni huo mlango wa nne, juu ndio wengi husahau. Ukituma ombi la STK push ya M-Pesa, ule ujumbe wa kuweka PIN kwa simu, jibu unalopata hapo hapo linasema tu ombi limepokelewa, unapewa na CheckoutRequestID, namba ya kutambua ombi hilo. Hiyo si pesa. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye kwa ile anwani yako ya kupokelea majibu, ResultCode (namba ya matokeo) ikiwa 0 amelipa, ikiwa 1032 ameghairi mwenyewe. Na kuna wakati jibu linakawia au halifiki kabisa. Ukiandika "imeshindikana" hapo, mtu wa kaunta ataanzisha malipo mengine, mwanachama anaweza kukatwa mara mbili, na mwenye kuelezewa huo mkanganyiko ni yule mama amesimama mbele ya kaunta. Kwa hivyo toka na "haijajulikana", weka programu kwa seva iulizie hali ya hayo malipo kila baada ya muda kwa kutumia ile CheckoutRequestID, na skrini iseme ukweli: bado tunathibitisha, usilipe tena.

Hatua ya 4: hifadhi kila hatua kwa seva

Fupi tu. Mtu akimaliza hatua, hifadhi rasimu kwa databesi, usingoje mwisho. Na asiulizwe kitu kimoja mara mbili ndani ya kazi moja, mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka wa 2023, ule wa kufanya wavuti itumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, uko na kipengele kizima kuhusu hiyo. Namba ya simu aliyoandika kwa fomu ije ikiwa imejaa kwa skrini ya malipo.

Hatua ya 5: kurudi nyuma, kupakia upya, kubonyeza mara mbili

Mshale wa brauza ni wa mtumiaji, usijaribu kuuzima. Chukulia tu utabonyezwa. Baada ya kila fomu kutumwa, seva ijibu na 303, ile namba ya kuiambia brauza iende kwingine, impeleke mtu kwa anwani mpya, ndio akipakia ukurasa upya fomu isitumwe mara ya pili. Kwa vile vitendo vya kusogeza pesa, kila jaribio lipewe namba yake ya kipekee kabla mtu hajabonyeza, na seva ikiona namba hiyo tena irudishe jibu lile la kwanza bila kufanya kazi upya. Alafu kitu kimoja zaidi: akirudi kwa hatua ambayo imeshapita na haiwezi kubadilika, kama malipo yaliyokwisha, usimwonyeshe fomu tupu, mwonyeshe risiti na kitufe cha kuendelea.

Hatua ya 6: usichanganye mtiririko wa skrini na mchakato wa siku nyingi

Mkopo unaweza kuchukua wiki. Wadhamini wajibu, afisa mikopo aangalie, kamati ikae. Hiyo haiwezi kuishi ndani ya skrini za mtu mmoja ambaye ataenda nyumbani saa kumi na moja. Mchakato mrefu uishi peke yake kwa seva, wengi huuchora kwa BPMN, lugha ya michoro ya michakato ya kazi, toleo la 2.0 lilitoka 2011, na kila mara unapohitaji mtu afanye kitu unafungua mtiririko mfupi wa skrini, unapokea jina la mlango aliotokea, unaendelea. Ruhusa pia ziangaliwe hapa kwa seva. Kuficha kitufe kwa menyu hakumzuii mtu aliye na linki.

Maswali ya wanachama

*Asante dada kwa somo. Sisi tuko na React ya kuchora skrini kwa brauza na API ya seva tu, hizo za Spring na ADF hatuna. Bado inawezekana?*

Inawezekana kabisa kaka. Unaweza kutumia XState, maktaba ya JavaScript ambayo inafuata zile hali za Harel, ama uandike jedwali lako dogo la hali na matukio. La maana ni seva nayo iangalie kama huyo mtu kweli amefika hiyo hatua, usiiachie brauza peke yake juu chochote kilichoko kwa brauza mtu anaweza kubadilisha.

*Kwetu mkopo wa dharura hautozwi ada. Sasa si itabidi niweke sharti ndani ya mtiririko wa lipa?*

Hapana, na hapo ndipo mitiririko mizuri huharibikia. Leo unaweka "kama ni mkopo wa dharura", mwezi ujao mwingine anaongeza "kama ni hisa", na baada ya mwaka hakuna anayethubutu kuugusa. Uamuzi wa kutolipisha ni wa mkopo, basi mkopo usiite lipa kabisa. Mimi hujiuliza hivi: naweza kueleza hiki kigezo kipya (kitu mtiririko unapokea) bila kumtaja aliyeita? Kama "kiasi cha chini" naweza. "Ni mkopo" siwezi.

*Watu wetu wa kaunta hufungua tabo mbili, wanachama wawili kwa wakati mmoja. Data inachanganyika.*

Hiyo inatokea ukiweka data ya kazi kwa sesheni ya logini, maanake tabo zote zinagawana sesheni moja. Kila mtiririko ukianza upewe ufunguo wake, na ufunguo ukae kwa anwani. Ukiona anwani ya Spring Web Flow iko na e1s1, e2s1, ni hiyo hiyo: e ni mtiririko gani, s ni hatua gani.

*Tukibadilisha hatua na kuna watu wako katikati?*

Andika namba ya toleo kwa kila rasimu. Walioanza na la zamani wamalizie la zamani, wapya waanze na jipya. Ukiona rasimu za zamani zimeisha ndio ufute.

*Mfumo wetu umeshanakiliwa kila mahali, mwalimu. Tunaanzia wapi?*

Msiandike upya wote, tafadhali. Angalieni ni skrini gani imerekebishwa mara nyingi kwa historia ya msimbo, hiyo ndio ya kwanza. Tengenezeni mtiririko mmoja, mwanzie kwa mwitaji mdogo kabisa, yaani sehemu inayouita mtiririko mara chache, sisi tulianza na hisa juu wanaonunua kwa siku ni wachache. Ukae hapo wiki mbili mkiangalia malipo ya "haijajulikana" ni mangapi na yanaisha vipi, alafu mhamishe akiba, mkopo uwe wa mwisho. Na kila mkihamisha mmoja mfute ile nakala ya zamani siku hiyo hiyo.